Mtoto anasoma ndani ya telefone: jina lake limeandikwa wapi?

Mwezi wa tisa ukikaribia, wakati wazazi wanahesabu makuta ya uniforme na madaftari, matangazo ya masomo ya mtandaoni yanazidi kupita ndani ya vikundi vya WhatsApp. Mengine yanaahidi kitu kidogo: mazoezi ya hesabu na ya Kifaransa ya kumsaidia mtoto jioni. Mengine yanaahidi kikubwa zaidi: mtoto abaki nyumbani, asome ndani ya telefone mwaka mzima, na mwisho apate diploma.

Kwa mzazi wa Buluo, ahadi hiyo ya pili inavutia. Sekondari inalipwa, safari ya kwenda mjini Likasi ni makuta kila siku, na darasa limejaa mpaka watoto wanabanana kwenye benchi moja. Lakini kabla ya kutoa hata franka moja, kuna swali la kuuliza: jina la mtoto litaandikwa wapi?

Makala hii inaeleza namna masomo ya mtandaoni yanavyofanya kazi, mahali yanapomsaidia mwanafunzi wa shule ya serikali, na mahali yanapoweza kumpotezea mwaka.

Namna mbili, na usizichanganye

Kuna kusoma nusu, na kuna kusoma muda wote.

Kusoma nusu maana yake mtoto anabaki mwanafunzi wa shule yake. Anaingia darasani kama wengine, mwalimu anamwita jina asubuhi, na anapata buletini yake. Mtandao unaongeza kitu: somo asiloelewa, zoezi la ziada, au kozi ambayo shule haina mwalimu wake.

Kusoma muda wote maana yake darasa lenyewe limehamia mtandaoni. Hakuna benchi wala ubao. Somo, kazi ya nyumbani, maswali na pointi, vyote vinapita ndani ya telefone au kompyuta.

Namna hizi mbili zinafanana kwa macho, juu ya mtoto anashika telefone ileile. Lakini mbele ya serikali hazifanani hata kidogo.

Wenzetu waliifanya namna gani?

Tuangalie kwanza mahali ambapo jambo hili limekaa muda mrefu. Katika jimbo la Florida, Marekani, shule ya serikali ya mtandaoni inayoitwa Florida Virtual School ilianza 1997. Inapokea wanafunzi kwa njia zote mbili. Yule wa nusu anabaki ndani ya shule yake ya kawaida na kuchukua kozi moja au mbili mtandaoni. Yule wa muda wote anaandikwa kwenye shule hiyo ya mtandaoni moja kwa moja.

Kuna jambo mbili za kuangalia pale. Ya kwanza, shule hiyo ni ya serikali. Pointi za mwanafunzi wa nusu zinarudi kwenye shule yake na zinahesabiwa. Ya pili, makuta ya serikali yanafuata matokeo: mwanafunzi asipomaliza kozi, shule hailipwi kwa kozi hiyo. Kwa hiyo shule yenyewe ina sababu ya kumfuata mtoto aliyenyamaza.

Hata kule kwenye umeme na intaneti ya nguvu, kusoma muda wote kumeleta matatizo. Mwaka 2015, watafiti wa kituo cha CREDO cha Chuo Kikuu cha Stanford waliangalia shule za mtandaoni za muda wote zinazolipwa na serikali lakini kuendeshwa na watu wengine. Walilinganisha wanafunzi wake na wenzao wanaofanana nao katika shule za kawaida. Waliona kwamba ndani ya mwaka mmoja wa masomo wanafunzi wa mtandaoni walibaki nyuma kwa kiasi cha siku 72 za masomo katika kusoma, na siku 180 katika hesabu. Siku 180 ni karibu mwaka mzima wa shule kule Marekani.

Hiyo haimaanishi mtandao ni mbaya. Inamaanisha kwamba mtoto peke yake mbele ya kioo, bila mtu mzima wa kumfuata, anapotea haraka.

Hapa kwetu, jina linapita shuleni

Sasa turudi Congo. Mwanafunzi wa shule ya serikali anajulikana kwa vitu vitatu: jina lake ndani ya daftari la shule, buletini zake za kila mwaka, na kuandikishwa kwenye mitihani ya taifa. Serikali ina hata kitengo maalumu cha kuwatambua wanafunzi, kinaitwa SERNIE.

Mitihani ya taifa ni mitatu. Mwisho wa shule ya msingi kuna ENAFEP. Mwisho wa mwaka wa nane kuna TENASOSP, ambayo inasaidia kumwelekeza mtoto kwenye opsio yake. Na mwisho wa humanite kuna Exetat, mtihani wa taifa wenyewe, unaompa mtu diploma ya serikali.

Kwa mwanafunzi wa kawaida, shule ndiyo inayomwandikisha. Direkta au prefe anatuma orodha na dosie. Shule yenyewe lazima iwe na ruhusa ya serikali, ile karatasi tunayoiita arete ya agrema. Shule isiyo na ruhusa hiyo inaweza kufundisha vizuri sana, lakini siku ya kupeleka orodha haina mlango wa kuingilia.

Ndiyo maana tunasema swali la kwanza si mtandao, ni jina. Mtoto anaweza kusoma miaka miwili ndani ya telefone na kujua mambo mingi. Kama wakati huo jina lake halikuwa ndani ya daftari la shule yoyote inayotambulika, hana buletini za miaka hiyo. Akirudi kwa prefe kutaka kuingia mwaka wa tano, prefe atamuuliza: buletini ya mwaka wa nne iko wapi? Karatasi iliyochapishwa kutoka kwenye tovuti haitamtosha.

Na autodidakte je?

Kuna wanaosema: si kuna watu wanafanya Exetat bila shule? Ndiyo, wako. Serikali inapokea watahiniwa wanaoitwa autodidakte, watu waliojifunza wenyewe. Mama aliyeacha shule akiwa na mimba, kijana aliyekwenda kutafuta kazi Kolwezi akarudi, papa anayetaka diploma akiwa na umri mkubwa: hiyo ni njia yao, na ni njia ya halali.

Lakini isichukuliwe kama njia ya mkato. Autodidakte hupita kwanza mtihani wa utangulizi kabla ya kukubaliwa kwenye Exetat. Baada ya hapo anakutana na mtihani uleule wa wenzake: ile sehemu ya kwanza tunayoiita hors-session, yenye insha ya Kifaransa, na baadaye siku 4 za sesio ya kawaida, ambapo anajibu maswali ya kuchagua. Wa opsio za ufundi wana pia juri ya mazoezi, wanafanya kazi kwa mikono mbele ya watu wanaowapima.

Hapo mji wetu unaguswa sana. Likasi ni mji wa viwanda tangu ulipoitwa Jadotville. Watoto wengi wanachagua umeme, mekanike au kemia. Video inaweza kuonyesha namna ya kufunga motere, lakini haiwezi kushika mkono wa mtoto na kumwambia waya huu si wa hapo. Kwa opsio kama hizo, kusoma muda wote ndani ya telefone ni kumpeleka mtoto kwenye juri na mikono mitupu.

Tulishajaribu, mwaka 2020

Nchi nzima ilishapita kwenye masomo ya mbali bila kupenda. Shule zilifungwa mwezi wa tatu 2020 juu ya korona. Madarasa ya mwisho yalirudi tarehe 10 mwezi wa nane, na wengine walingoja mpaka mwezi wa kumi. Tena tarehe 18 Desemba shule zikafungwa, mpaka tarehe 22 Februari 2021.

Wakati huo Radio Okapi, pamoja na wizara ya masomo na UNICEF, ilianzisha Okapi École, vipindi vya masomo kwa redio kwa watoto wa msingi na wa sekondari. Kampuni ya Vodacom nayo ina jukwaa la VodaEduc, lenye masomo yanayofuata programu ya Congo, lililowekwa ili wateja wake waingie bila kukatwa mega. Kuna pia Schoolap, jukwaa lililotengenezwa na Wakongo wenyewe.

Jirani zetu walipita njia hiyohiyo. Kenya ilitoa masomo kwa redio, televisheni na mtandao, lakini mwezi wa saba 2020 serikali ilisema mwaka huo wa shule umepotea, na watoto walio wengi walirudi darasani Januari 2021. Uganda ilikaa muda mrefu zaidi: shule hazikufunguka kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili. Masomo ya mbali yalikuwapo nchi zote mbili. Yalisaidia watoto waliokuwa na redio, telefone na mtu wa kukaa karibu nao. Wengine walitafuta kazi, na wasichana wengi walirudi na mimba au hawakurudi kabisa.

Hilo ni somo kubwa kwa eneo letu. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto karibu 40.000 walikuwa wanafanya kazi kwenye machimbo ya kusini mwa Congo, upande huu wetu wa Katanga. Mtoto wa shule asipoonekana siku tatu, mwalimu anauliza. Wenzake wanajibu: yuko kariere, anaosha mawe. Daftari la mahudhurio ni karatasi tu, lakini ni karatasi inayouliza kila asubuhi mtoto yuko wapi. Telefone haiulizi. Ukisema “batoto beko banasoma mu telefone” na hakuna mtu anayeangalia, inaweza kuwa mtoto yuko kariere tangu asubuhi na nyumbani hamna habari.

Tuhesabu mega

Wazazi wengi wanauliza bei. Bei ya forfe inabadilika, lakini hesabu ya mega haibadiliki sana, na kila mtu anaweza kuifanya.

Video ya saa moja, ya ubora wa katikati, inakula karibu mega 500, wakati mwingine zaidi. Tuseme mtoto anaangalia saa mbili kwa siku, siku tano. Hizo ni saa 10, yaani mega 5.000, au giga 5 kwa wiki. Kwa mwezi ni giga 20. Na saa mbili ni kidogo: asubuhi moja ya shule ni ndefu kuliko hapo. Kama nyumbani kuna watoto watatu, zidisha mara tatu, tena tafuta telefone tatu.

Somo la sauti la saa moja linakula karibu mega 30. Kurasa za maandishi zenye picha moja au mbili zinakula mega 1 au 2. Redio haili mega hata moja, inataka batri tu.

Kwa hiyo jukwaa la video nzuri za rangi linaweza kuwa ghali mara kumi na zaidi kuliko la sauti na maandishi, hata kama kuandikishwa ni bure. Uliza kila mara: masomo yenu ni video, sauti au maandishi? Naweza kuyapakua mara moja na kuyasoma bila mega? Na kama wanasema hawakati mega, angalia unite zako kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Watu hawajasahau kodi ya RAM, iliyokuwa inakatwa ndani ya unite za telefone tangu 2020 mpaka ilipoondolewa 2022.

Halafu kuna umeme. Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ilijengwa wakati wa ukoloni kulisha migodi na viwanda vya eneo hili, na si mbali na sisi. Lakini katika mitaa mingi ya pembeni umeme wa SNEL unakuja na kwenda, na mtu analipa kuchaji telefone kwa jirani mwenye panneau. Hiyo nayo iingie kwenye hesabu.

Kinachoweza kufaa Buluo

Tukiweka yote pamoja, njia inayofaa mwanafunzi wa shule ya serikali hapa kwetu ni kusoma nusu, huku jina lake likibaki shuleni na mwalimu akijua anachofanya. Kwa shule ya msingi jambo hili liko wazi zaidi, juu ya tangu mwezi wa tisa 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni bure. Kumtoa mtoto kwenye darasa la bure na kumlipia jukwaa la mtandao ni hasara mara mbili. Tena mtoto wa miaka saba anaanza kusoma kwa Kiswahili na mwalimu wake, wakati masomo mengi ya mtandaoni ni ya Kifaransa.

Kwa watoto wakubwa, kazi inaweza kupangwa hivi. Mwalimu wa hesabu anataja masomo mawili ya wiki yanayosumbua darasa. Wanafunzi wanne au watano wa mtaa mmoja wanakutana kwa yule mwenye telefone nzuri, wanapakua somo mara moja, wanalisikiliza pamoja na kuandika ndani ya daftari. Jumatatu mwalimu anaangalia madaftari. Mega zimegawanywa kwa watano, na kuna mtu mzima aliyeona kazi.

Redio inaweza kufanya kazi hiyohiyo. Kule Zanzibar, mradi wa masomo kwa redio ulioitwa RISE, ulioanza 2006, ulifikia watoto wadogo kwa kipindi cha “Tucheze Tujifunze”. Redio ilitoa somo, na mtu wa mtaa aliketi na watoto, akasimamisha michezo na kuangalia majibu. Nguvu ya kipindi ilikuwa pia ndani ya yule mtu aliyeketi nao.

Kuna watoto ambao mtandao unawafaa kwa nguvu zaidi: mgonjwa anayelala hospitali wiki nyingi, msichana aliyejifungua, mtoto ambaye papa amehamishwa kikazi katikati ya mwaka. Hata kwao, mzazi aende kwanza kwa direkta au prefe. Aombe jina lisifutwe, au apewe karatasi za kuhama: buletini na cheti cha kuhudhuria. Mtandao umsaidie mtoto asibaki nyuma mpaka siku ya kurudi darasani.

Maswali sita kabla ya kulipa

Mama, papa, yaya unayemlea mdogo wako, ukiletewa tangazo la masomo ya mtandaoni, uliza haya:

1. Ninyi ni shule au ni jukwaa la mazoezi? Kama ni shule, numero ya arete ya agrema ni ipi? Iandike, halafu uipeleke kwenye ofisi ya sudivizio ya masomo Likasi waithibitishe.

2. Mwanangu atapata buletini? Itasainiwa na nani, na kwa jina la shule gani?

3. Ni nani atamwandikisha ENAFEP, TENASOSP au Exetat? Wakijibu “tutaona baadaye”, usilipe.

4. Programu ni ya Congo au ya nchi nyingine? Somo la programu ya Ufaransa linaweza kuwa zuri, lakini si lile litakaloulizwa kwenye Exetat.

5. Mtoto akinyamaza wiki moja, ni nani atanipigia?

6. Makuta haya yanakwenda wapi, na nitapewa resi? Kama ni shule ya serikali inayodai malipo ya mtandao, uliza kama malipo hayo yako kwenye orodha ya ada za shule inayosainiwa na gavana.

Anayeuza kitu cha kweli hatakasirikia maswali haya. Atakujibu, na atakupa karatasi.

Na kwa mzazi ambaye mtoto wake ameshaacha darasa akasoma mtandaoni tu: usingoje mwisho wa mwaka. Chukua buletini zake za zamani, nenda naye kwa prefe wa shule yake ya mwisho wiki hii, na uliza jina lake limebaki ndani ya daftari au limefutwa. Likiwa limefutwa mapema, bado kuna nafasi ya kuzungumza. Likigundulika siku ya kupeleka orodha ya Exetat, mara nyingi prefe hana tena la kufanya.